Mwenye Betri Hamtaki Mwalimu

Kijiwe chetu kiko nyuma ya mahali pa kuoshea magari, pale maji ya sabuni yanapojipenyeza kuteremka kuelekea mto Sosiani. Kuna benchi lililotokana na ubao wa lori, tairi mbili za kukalia, na Mama Uji na chupa zake zisizopoa. Hapa ndipo magari ya Eldoret huhukumiwa. Ukija na Prado tutakuuliza umeuza magunia mangapi ya mahindi, au umeshinda mbio za mji gani Ulaya. Ukija na Vitz tunanyamaza kwa adabu, maana na sisi ndizo tulizo nazo.

Juzi Mwalimu alikuja kwa miguu. Hilo peke yake lilikuwa habari, kwa sababu Mwalimu na X-Trail yake ni kama kobe na gamba. Akaketi, akaagiza uji, akatangaza: X-Trail inauzwa. Anataka gari la umeme, na si kagari ka kukwaruza chini. Anataka gari la juu, la kumbeba mama watoto, watoto wawili, na kogo, yaani nyanya yao, anapotolewa Moiben kuja kliniki. Chuki yake na petroli haikuanza jana. Ilianza Oktoba 2023, lita ilipofika shilingi 217 kule Nairobi, na sisi wa huku juu tukaongezewa usafiri wa hiyo lita. Bei ilishuka baadaye, lakini moyo wa Mwalimu haukushuka nayo.

Tungemwacha aendelee na ndoto yake, lau si sentensi iliyofuata. Kuna muuzaji, hakumtaja na sisi hatukuuliza, aliyemnong'oneza kwamba bei inaweza kupungua sana akinunua gari pasipo betri. Gari litakuwa lake. Betri atakodi.

Dereva wa Probox ya Iten alisonya msonyo mrefu, ule wa kuanzia Kapsoya hadi Langas. "Yaani unanunua ng'ombe, halafu unakodi kiwele?"

Tukacheka mpaka vijana wa kuosha magari wakazima mashine ya maji wasikie. Mwalimu hakucheka. Nami, ambaye hupenda kuwa upande wa anayechekwa angalau kwa dakika kumi za kwanza, nikaona nimtetee.

Wazo lenyewe si la kijinga. Katika gari la umeme hakuna kitu kimoja kinachokula pesa kama betri. Ukiitoa kwenye hesabu, bei hukatika kama nywele za mtoto anayerudi shule. Na hapa Kenya jambo hili limefanyika, tena mchana kweupe. Machi 2022 kampuni ya BasiGo iliingiza mabasi mawili ya kwanza ya umeme katika barabara za Nairobi, ya BYD, viti 25, yenye kwenda kilomita kama 250 kwa chaji moja. Mwenye matatu aliambiwa: nunua basi kwa bei inayokaribiana na ya basi la dizeli, halafu lipa shilingi 20 kwa kila kilomita, na ndani ya hizo 20 mna betri, mna kuchaji, mna na matengenezo. Boda za umeme nazo ndivyo zinavyoishi: kijana ananunua pikipiki, betri ni ya kampuni, ikiisha anaichomoa anachomeka nyingine, anaondoka kabla abiria hajamaliza kulalamika.

"Basi si ndivyo!" Mwalimu akapata nguvu.

Polepole, Mwalimu. Basi lile kila kilomita linayokwenda, kuna mtu ameketi ndani amelipa nauli. Wewe abiria wako ni watoto wako mwenyewe, na hao nauli yao ni kukuomba pesa ya chipsi mkifika.

Hapo ndipo nilipoomba kijiti, nikafuta vumbi mbele ya benchi, tukaanza hesabu. Napenda hesabu za vumbini kwa sababu hazina mapambo. Mwalimu anakaa Elgon View na shule yake iko ng'ambo ya mji. Kwenda, kurudi, na kupitia sokoni, tuseme kilomita 30 kwa siku. Siku 25 kwa mwezi, hizo ni 750. Kwa mwaka ni 9,000. Tuongeze safari nne za kwa wakwe, Machakos, kilomita kama 750 kwenda na kurudi kila moja. Jumla 12,000. Huyo ndiye Mwalimu wetu, kamili, pamoja na mazishi mawili matatu tuliyoyafinyia humo humo.

Sasa tukasafiri na kijiti mpaka India. Septemba 2024 MG walizindua gari la familia liitwalo Windsor kwa bei mbili. Bila betri, chini kidogo ya rupia milioni 1, halafu unalipa rupia 3.5 kwa kila kilomita. Pamoja na betri, karibu rupia milioni 1.35. Tofauti ya bei hizo ni rupia 350,000. Gawanya kwa 3.5. Unapata kilomita 100,000, sawasawa kabisa, kana kwamba aliyezipanga alikuwa na kijiti kama changu. Maana yake ni kwamba anayekodi atakuwa amemaliza kuilipia betri akitimiza kilomita 100,000, na bado haitakuwa yake.

Mwalimu wetu, kwa kilomita zake 12,000, atafika hapo baada ya miaka minane na ushei. Kwake hilo si baya hata kidogo. Dereva wa Probox je? Eldoret hadi Iten ni kilomita kama 35. Safari nane kwa siku ni 280. Siku 300 kwa mwaka, 84,000. Huyu atafika laki kabla mwaka wa pili haujashika kasi, na kuanzia hapo ni kodi, kodi, kodi.

"Kwa hivyo kukodi kunanifaa mimi," Mwalimu akasema, akimtazama Dereva kama mtu aliyepita mtihani.

Kwa kilomita, ndiyo. Lakini kodi ina sura mbili, na sura ya pili iko China. Agosti 2020 kampuni ya NIO, ambayo wakati huo ilikuwa ikiuza hasa hayo magari makubwa ya familia, ilianza kuuza bila betri. Bei ikapungua yuani 70,000, na mteja akawa analipa yuani 980 kila mwezi. Hazihesabiwi kilomita, ni mwezi. Gawanya: miezi 71. Miaka sita kasoro kidogo, na pesa ya betri imerudi yote kwa mwenyewe. Ukienda usiende, ni 980. Ukifunga shule Agosti gari likalala chini ya mwembe, 980. Ukiugua, 980.

Hapo ndipo kitu kilipofunguka kichwani mwangu, na sijakiona kwenye tangazo lolote. Kodi ya kilomita humfaa Mwalimu. Kodi ya mwezi humfaa Dereva. Na mwenye betri, kwa kuwa naye ana watoto wa kupeleka shule, atatamani kumuuzia kila mmoja ile isiyomfaa.

Mfikirie mwenye betri. Ametoa pesa yake ndefu, ameinunua, ameiweka chini ya gari la mtu. Anataka izunguke. Betri inayokaa kwenye maegesho ya shule kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni haimletei kitu, na huku inazeeka, maana betri huzeeka hata ikilala. Ndiyo maana biashara hii ilipoingia nchini ilikwenda kwa boda na kwa mabasi, ikampita Mwalimu kama matatu iliyojaa. Mwenye betri anamtaka Dereva. Mwalimu hamtaki, au anamtaka kwa sharti la kumwekea sakafu: utatembea kidogo kiasi chochote, lakini utalipia si chini ya kilomita kadhaa kila mwezi. Sakafu ikiwa kilomita 1,500, Mwalimu anayetembea 1,000 amelipia 500 za hewa. Kwa hiyo Mwalimu, ukirudi kwa huyo muuzaji wako, usimwulize kodi ni shilingi ngapi. Mwulize inahesabu nini, na inaanzia wapi.

Mama Uji, ambaye alikuwa kimya akiosha vikombe, akauliza swali la watu wenye akili. "Na asipolipa?"

Tukatazamana. Kila mmoja wetu hapa ana jamaa aliyenunua simu ya kulipa mdogo mdogo. Siku ukichelewa, simu inajifunga. Inakuwa kioo cha kujitazamia. Sasa vuta picha gari. Ulaya hili lilifika mahakamani. Benki moja ya Ufaransa ilikuwa ikikodisha betri za magari, na katika mkataba wake wa Ujerumani ilijiandikia haki ya kuzuia betri isichajike, kwa mbali, mkataba ukishavunjwa. Chama cha kutetea wateja kikashtaki. Oktoba 2022 mahakama ya juu ya Ujerumani ya kesi za madai ikasema hapana, huwezi kumzimia mtu gari lote kwa ajili ya betri halafu umwachie yeye mzigo wa kukimbilia kortini. Vizuri sana kwa Wajerumani. Sisi hapa tutegemee tusome mkataba kabla ya kutia sahihi, jambo ambalo, nikitazama benchi hili, hakuna aliyewahi kulifanya, mimi nikiwemo.

"Na mwenye betri akifa?" Mama Uji hakuwa amemaliza. "Kampuni, namaanisha. Si zinakufa?"

Zinakufa, mama. Tena zinakufa na pesa mfukoni. Israeli kulikuwa na Better Place ya Shai Agassi, waliokusanya takriban dola milioni 850. Waliuza Renault Fluence ya umeme, betri ikabaki ya kampuni, wakajenga vituo vya kubadilishia ambapo mashine iliichomoa betri chini ya gari kwa dakika chache, dereva hajashuka. Watu walikuja kutoka pande zote kushangaa. Mei 2013 wakaomba kufilisiwa. Wenye magari wakaamka wana Fluence mlangoni, na betri ambayo mwenyewe yuko mikononi mwa mfilisi. Hapa kwetu Nairobi kulikuwa na Nopea Ride, teksi za Nissan Leaf zilizoanza 2018, watu wakizipenda kwa ukimya wake. Desemba 2022 zikasimama, kwa sababu kampuni mama huko Finland ilifilisika. Hakuna aliyekosana na stima ya Kenya. Mzazi amekufa Ulaya, mtoto kazikwa Nairobi.

Ndiyo maana nilimwambia Mwalimu: kama utakodi, kodi kwa mtu ambaye hata akifa yeye, gari lako litaweza kuishi. Je, mkataba unakupa haki ya kuinunua betri kwa bei iliyoandikwa? Ukitaka kumuuzia mwenzako gari, analazimika kurithi kodi? Kwa sababu hapa Eldoret gari ni akiba. Karo ikibana, gari huuzwa. Nenda kamwambie mnunuzi kwamba gari lako ni zuri lakini tumbo lake ni la mtu mwingine, uone kama hatasonya kuliko Dereva.

Fundi wetu wa stima za magari alikuwa amejilaza chini ya Premio muda wote huo, miguu tu nje. Akajivuta, akajifuta grisi, akasema yeye angenunua la mkono wa pili na betri yake kamili, yaishe. Fundi huongea kidogo, kwa hiyo anapoongea tunamwamini kupita kiasi. Lakini siku hiyo nilimpinga. Sheria yetu hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingia nchini. Na watengenezaji wengi huidhamini betri kwa miaka minane hiyo hiyo, au kilomita 160,000. Unaona mtego? Gari linashuka Mombasa siku zile zile dhamana yake inapozikwa Japani, na hata ingekuwa hai, dhamana ya huko haipandi meli. Zile Leaf za zamani betri yake inapozwa na hewa tu, haina maji ya kuipoza, na ina vile vimistari kumi na viwili kwenye dashibodi vinavyoonyesha uzima wake. Ukiona tisa, jua umenunua pungufu ya robo tatu ya gari kwa bei ya gari zima.

Fundi akasema, "Mimi nina kifaa cha kusoma betri, nakiunganisha na simu." Sawa. Basi asinunue mtu bila Fundi kuisoma kwanza. Hilo tulikubaliana, na ni nadra sana hapa kukubaliana.

Tukaja kwenye umbali. Hapa ndipo Mwalimu alipotoa karatasi. Gari alilolitamani ni BYD Atto 3, lile la betri ya uniti 60, na karatasi ilisema kilomita 480. Nikasonya, safari hii mimi. Gari hilo hilo kwa kipimo cha Ulaya husomeka 420. Kilichobadilika ni mpimaji. Na si BYD peke yao. Leaf ya betri ya 40, ilipotoka, Japani waliiandika kilomita 400, Ulaya 270, Marekani 243. Gari moja, betri moja, tairi zile zile nne. Ni kama ule uzito wa gunia la mahindi: mkulima ana wake, dalali ana wake, na bohari ina wake. Ukiuliza gari linakwenda kilomita ngapi, uliza kwanza ni kwa mizani ya nani.

Na hakuna hata mmoja kati ya wapimaji hao aliyewahi kupanda Timboroa.

Ninyi mnaijua hiyo njia ya Nakuru kuja Eldoret. Nakuru iko mita kama 1,850 juu ya bahari. Unapita Salgaa, Mau Summit, unapanda mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700, mahali ambapo kituo cha reli kilijulikana enzi za Mwingereza kwa kuwa juu kuliko vyote vya himaya yake. Chukua Atto 3 yenye baba, mama, watoto wawili, na kogo na kuku wake wa zawadi. Hizo ni tani mbili na ushei. Kuzinyanyua mita 900 kunakula uniti tano hadi sita, nje ya zile za kusukuma gari mbele. Kwa ufupi mlima unakunyang'anya kilomita thelathini na kitu ambazo dashibodi ya Nakuru ilikuwa imekuahidi. Ongeza baridi ya Burnt Forest saa moja usiku, vioo vimeingia ukungu, umewasha hita. Ongeza mguu wa Mwalimu, tunaoujua.

Kwa kipimo changu cha vumbini, Atto 3 ile ya 420 za Ulaya, kwa mwendo wa barabara kuu na mzigo kamili, muihesabie kilomita 320. Eldoret hadi Nairobi ni 310 hivi. Kushuka unaweza kufika, ukiwa umefunga midomo ya watoto wasiulize. Kurudi, usijaribu bila kusimama Nakuru. Na Nakuru upige simu kabla hujatoka nyumbani, uhakikishe hicho chombo cha kuchajia kinawaka, na hakuna aliyekwisha kuchomeka akaenda kula nyama.

Lakini mlima una deni, na hulipa. Ukiteremka, ukiachilia mguu, mota inageuka kuwa jenereta, inairudishia betri umeme. Pale Salgaa ambapo malori hupoteza breki na watu wetu wengi wamezikwa, gari la umeme linashuka likijishika lenyewe na likijilisha. Sioni sifa nyingine ya magari haya inayonigusa kama hiyo, na wauzaji hawaitaji, kwa sababu wanaishi Nairobi.

Dereva akauliza kuhusu njia yake, ya Iten kuteremka Tambach hadi Kerio. Swali zuri. Iten iko mita 2,400, bonde kama 1,200. Ukishuka unarudishiwa uniti nne hivi. Ila usijaze betri mpaka 100 pale pale Iten halafu ukaanze mteremko. Betri iliyoshiba haina pa kuuweka huo umeme, gari linaacha kujishika, na utarudi kwenye breki za kawaida kama mtu mwingine yeyote, zikinuka. Aliyelala Iten akichaji aache nafasi tumboni, kama unavyoacha nafasi ukijua mbele kuna harusi.

Kisha hewa yetu. Hapa mjini, mita 2,100, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Injini ya petroli isiyo na tabo hupumua kwa shida, ndiyo maana magari yanayopanda kutoka Pwani hufika hapa kama mkimbiaji mgeni anayejaribu mazoezi ya Iten siku ya kwanza. Mota ya umeme haipumui. Na hiyo hewa nyepesi inalipinga gari kidogo. Eldoret, kwa hili, ni kama ilitengenezewa magari haya.

"Stima ikipotea?" Dereva alikuwa akilisubiri hilo. Agosti 2023 nchi ilizima, Desemba ikazima tena. Kweli. Lakini hata pampu ya petroli huzungushwa na stima, ni vile tu mwenye kituo ana jenereta. Na tuangalie haja yenyewe. Kilomita 30 za Mwalimu ni uniti tano au sita. Soketi ya kawaida ya ukutani, ile ya pasi, inazirudisha kwa muda usiofika saa tatu. Akichomeka saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi amepata uniti 18, kilomita 100. Stima ikipotea siku mbili bado atafika shule. Akitaka mashine ya ukutani ya kilowati 7, ajue hiyo ni kubwa kuliko hita ya bafu. Asubiri mama watoto amalize kuoga, la sivyo nyumba nzima itaingia giza na atalaumiwa yeye. Na mwaka 2023 iliwekwa bei maalumu ya stima ya magari, shilingi 16 kwa uniti, na 8 usiku, kabla ya makato, kwa mwenye mita yake ya kuchajia. Hata akilipa bei ya nyumbani, tuseme 30 pamoja na makato yote, mwezi wake hauvuki 4,500. X-Trail kwa kilomita 750, lita 75, lita ikiwa 180, ni 13,500.

Nikamwuliza: sasa, Mwalimu, hiyo betri kubwa ya uniti 60 unainunulia nini? Shule ni kilomita 30. Moiben na kurudi haimalizi hata betri ndogo. Unainunua kwa ajili ya safari nne za Machakos. Siku nane kwa mwaka. Siku 357 zilizobaki utakuwa ukitembeza kilo za betri kama mtu anayebeba mwavuli kiangazi. Nunua betri ndogo, imiliki, na Machakos pandeni shuttle.

Akaniangalia kwa huruma. "Kwa wakwe hufiki na shuttle."

Hapo nilinyamaza. Kuna hesabu ambazo kijiti hakiziwezi. Mama Uji aliguna tu, ule mguno wa mama mkwe.

Mwalimu akainuka, akalipa uji wake na wa Fundi, akaondoka bila kusema atafanya nini. Nadhani atanunua ile kubwa, pamoja na betri, kwa mkopo wa Sacco, na kwa miaka mitano ataniambia nilikuwa na haki huku akinipa lifti.

Benchi likatulia. Mashine ya maji ikawaka tena. Dereva wa Probox, aliyeanzisha kicheko cha kiwele, akasogea karibu yangu akijifanya anatafuta kiberiti.

"Hiyo kodi ya mwezi," akaninong'oneza, "ile ya hata ukienda kilomita elfu saba ni bei moja. Nani nimpigie?"